Silaha Nzuri Mno za Ghislaine Bouffard

Katika studio yetu ya michezo ya kompyuta, iliyo juu ya duka la vitambaa pale mtaa wa Mile End, jijini Montréal, uhunzi ulikuwa mikononi mwa Ghislaine Bouffard. Wengine walikabidhiwa milima, wengine hali ya hewa, na mmoja alipewa sauti za nyayo peke yake na akaridhika nazo. Ghislaine alipewa kila kitu ambacho mchezaji angekitengeneza kwa mikono yake ili akampigie nacho adui. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtandaoni, wa watu wengi kwa wakati mmoja, wenye falme, misitu, mji mmoja mkubwa na joka. Kwa miaka mitatu Ghislaine aliujengea karakana ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa imeupita mchezo wenyewe kwa uzuri.

Mchezaji alianza kwa kuchimba madini, kisha akayayeyusha tanurini. Akivukuta kwa pupa, chuma kiliungua. Akizembea, kilipoa na kumcheka. Nyundo ilikuwa na mapigo yake, maji yalikuwa na wakati wake, na mpini ulichongwa kwa mti aliouchagua mwenyewe. Upanga uliokamilika ulibeba jina la mhunzi wake, na kila pigano lilibaki juu yake: pengo hapa, mkwaruzo pale, weusi wa damu ya zimwi karibu na mpini. Mwishowe, baada ya vita vingi, ulivunjika. Ukishavunjika, umekwenda, wala hakuna pa kuudai. Juu ya jambo hilo Ghislaine hakukubali kubishana na mtu. Alishikilia kwamba hakuna anayekipenda kitu asichoweza kukipoteza, na alilisema hilo huku akigonga meza kwa kijiko cha mtindi.

Aliyebishana naye hata hivyo alikuwa Fabrice Lamontagne, baba wa joka. Fabrice alikuwa kijana mrefu, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na imani isiyotikisika kwamba mchezo mzima ulikuwa ni njia ya kwenda kwenye pango lake. Joka lake lilikuwa na magamba yaliyong'aa kila moja kwa namna yake, na pumzi yake iliyeyusha theluji ya mlimani kwa utaratibu ambao Fabrice alikuwa tayari kumweleza mtu yeyote aliyekosa mahali pa kukimbilia. Alitaka silaha ziokotwe masandukuni njiani, ili watu wamfikie mwanawe upesi.

"Watu wanakuja kuua joka, dada," alimwambia Ghislaine mbele yetu sote. "Hawaji kusomea uchomeleaji."

"Na wewe unadhani wataliua na nini? Na ndevu zako?"

Mwenye studio, Réal Desrosiers, alikuwa mtu mpole aliyekuwa na desturi ya kutoa habari mbaya huku akitazama dirishani. Asubuhi moja ya Aprili, theluji ilipokuwa imebaki vichuguu vyeusi kando ya njia, tulikuwa katika kile kikao chetu cha kila siku ambacho hufanywa watu wakiwa wamesimama ili kiwe kifupi, na ambacho huwa kirefu vilevile, ila miguu huuma. Réal akageukia dirisha. Tukajua.

Alisema kwamba mchezo ulipaswa kutoka kabla majani hayajapukutika, na kwamba si kila kitu kingeingia. Wachezaji wa majaribio wangeamua. Ikiwa wangekwenda kwa joka na silaha walizozifua wenyewe, karakana ingebaki. Ikiwa wasingefanya hivyo, masanduku ya Fabrice yangechukua nafasi yake, na Ghislaine angehamia idara ya kofia.

Sina budi kueleza kwamba kofia za mchezo wetu hazikufanya kazi yoyote zaidi ya kuvaliwa. Waliopelekwa huko walikuwa watu wazuri, waliokula chakula chao cha mchana kimyakimya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa kwenye kitu chenye makali.

Wachezaji wetu wa majaribio walikuja siku za Jumamosi, wakalipwa kwa viazi vya kukaanga vilivyofunikwa jibini na mchuzi, na kwa heshima ya kulalamika bila kukatizwa. Aliyeheshimiwa zaidi kati yao alikuwa Yolande Pelchat, dereva mstaafu wa mabasi ya jiji, mjane, ambaye katika mchezo alikuwa kibeti mwenye ndevu za kufika magotini. Sisi sote tulimwita Mama Pelchat. Alikuwa na namna ya kutazama kioo cha kompyuta kana kwamba kuna mtu amepanda kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi ya kwanza ilianza kama sherehe. Asubuhi nzima chumba kilijaa mlio wa nyundo. Etienne, mwanafunzi wa udaktari wa meno, alifua shoka, akalipiga picha kwa simu yake kutoka pande zote, akamtumia mama yake. Mama Pelchat aliunguza vyuma kadhaa, akavitukana, kisha akatoa upanga mrefu, mwembamba, wenye mpini wa mshira, mti mgumu wa nchi za baridi, akaukodolea macho. Ghislaine alisimama nyuma yao, mikono mifukoni, ili asionekane anajivuna. Alionekana.

Baada ya chakula, Réal aliwaomba waende kwa joka. Wahusika wao walipita mjini, wakaingia katika nyumba ya wageni, wakakaa humo muda mrefu kuliko tulivyotazamia, wakatoka wakiwa wamebeba miguu ya viti.

Ilitubidi tusogee karibu ili tuamini. Msanii mmoja wa studio alikuwa ameviunda viti vile kwa uangalifu mno, vikiwa na viungo halisi, na katika mchezo wetu chochote chenye viungo kiliweza kung'olewa. Jeshi zima lilipanda mlimani na miguu ya viti mabegani. Silaha zao tukufu walikuwa wamezifungia makabatini. Kule mjini, mwenye nyumba ya wageni, ambaye aliendeshwa na kompyuta na hakuwa na wa kumwonea haya, aliendelea kumwambia kila aliyeingia: "Karibu, mgeni, keti upumzike." Maneno hayo niliyaandika mimi. Kazi yangu katika studio ni maneno yote yanayosomwa na mchezaji, na niliyaandika nikiwa na hakika kwamba viti vingekuwepo.

Joka lilikufa kabla ya alasiri. Fabrice alitazama hadi mwisho, uso wake ukiwa umepauka.

"Limepigwa kama zulia," alisema.

Kisha akakumbuka jambo hilo lilimaanisha nini kwa mwenzake, akapata nafuu, akamuuliza Ghislaine kama kipimo cha kichwa chake kilijulikana huko kwenye kofia.

Ghislaine alimpa mgongo. Alivuta kiti, akakaa karibu na Mama Pelchat, akamuuliza kwa upole kwa nini hakuutumia upanga wake. Je, ulikuwa mzito? Ulikuwa butu?

"Butu? Shika adabu," alisema Mama Pelchat. "Upanga ni mzuri. Nimeupa jina la marehemu mume wangu. Normand."

"Sasa mbona hukwenda nao?"

"Si umesema ukivunjika umekwenda?"

"Ndiyo."

"Basi unataka nikamvunjie Normand kwenye fuvu la joka? Nimeshamzika mara moja, mwanangu. Inatosha."

Wengine walitikisa vichwa kukubaliana naye. Etienne aliongeza kwamba shoka lake mama yake ameshaliona, na hakujua angemwambia nini.

Réal alilitazama dirisha kwa muda mrefu, lakini hakusema neno la mwisho. Alimpa Ghislaine nafasi hadi Jumamosi ya mwisho ya Mei.

Kilichofuata ni cha kusikitisha, ingawa wakati ule tulicheka. Ghislaine alianza kwa kuvipigilia viti misumari sakafuni. Jumamosi iliyofuata wachezaji waling'oa milango. Mji wote ulibaki wazi, upepo wa kompyuta ukipita sebuleni mwa watu, na mlinzi wa lango la mji alisimama usiku na mchana akilinda uwazi. Ghislaine akaifanya milango isibebeke. Wakaenda na samaki wakubwa waliokaushwa, wakiwa wamewashika mikiani. Fabrice aliomba rasmi joka lake lisiguswe na samaki.

Hapo Ghislaine alibadili mbinu. Aliamuru kila silaha iliyokaa bila kutumiwa ishikwe na kutu. Alitumaini kwamba watu wangezitoa makabatini na kuzipeleka vitani. Walizitoa, hilo ni kweli. Wakaketi nje ya nyumba zao, kila mmoja na kitambaa na chupa ya mafuta, wakazisugua. Walisugua asubuhi, wakasugua baada ya viazi. Waliulizana hali za panga zao kama wazazi kwenye kliniki ya watoto. Hakuna aliyepanda mlimani, hata na samaki. Mama Pelchat alisema hajapata Jumamosi tulivu kama ile tangu astaafu, akataka kujua kama mafuta yalipatikana ya harufu tofauti.

Jumatatu yake, katika kikao cha kusimama, Fabrice hakungoja zamu. Alisema kwamba mambo yameshajionyesha, na kwamba hakuna haja ya kusubiri Jumamosi ya mwisho ili kumwaibisha mtu.

"Unanionea huruma sasa?" Ghislaine alimuuliza.

"Nakuonea huruma, ndiyo. Umetengeneza silaha nzuri mno, dada. Hilo ndilo kosa lako. Mimi ukinipa upanga mbaya nitapigana nao hadi Krismasi."

Lilikuwa tusi lenye ukweli ndani yake. Réal, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, akataka kujua ni nani kati yetu aliyewahi kuumaliza mchezo wowote akiwa bado amebeba dawa zote, mabomu yote na mishale yote ya ajabu, kwa kuwa alikuwa akivitunza kwa ajili ya siku ngumu zaidi. Watu wakatazamana. Mkono mmoja ukapanda, kisha mwingine, kisha yote. Wa Fabrice ulipanda mwishoni, haukufika mbali, lakini tuliuona. Réal alikiri kwamba ana mshale wa radi alioupata akiwa na miaka tisa, na mpaka leo hajamwona adui anayeustahili.

Tulikuwa chumba kizima cha watu wanaoishi kwa kubuni vita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kutumia silaha yake nzuri.

Ghislaine alishusha mkono, akaondoka kabla kikao hakijafungwa. Siku hiyo hakuonekana kwenye chakula. Jioni alikuja kwenye meza yangu na ule mtindi wake, akavuta pumzi, akaniambia kwamba alikuwa sahihi nusu tu. Mtu hupenda kile anachoweza kukipoteza, hilo hakulikana. Lakini akishakipenda hukificha, na silaha iliyofichwa ni pambo tu. Alikuwa amejenga kaburi, akawauliza watu kwa nini hawaingii.

"Sasa nataka ukivunjika usiishe," alisema. "Vibaki vipande. Mtu avichukue, avifue pamoja na chuma kipya, atoke na upanga mwingine. Sio uleule. Mwingine. Ila ujulikane umetoka kwa nani."

Aliniomba niandike maneno ambayo yangetokea juu ya upanga huo mpya. Niliandika kwa ufupi: "Mwana wa," na baada yake jina la uliovunjika. Alisoma, akauliza kama wa tatu ungeitwaje. Nikaandika: "Mjukuu wa." Akaniambia niendelee hadi kitukuu na kilembwe, kwa kuwa alimjua Mama Pelchat.

Jumamosi ya mwisho ya Mei dirisha lilikuwa wazi na harufu ya mikate ya kuoka kwa kuni ilipanda kutoka mtaani. Viti vya mji vilikuwa vimerudishiwa uhuru wao, milango pia, hata samaki. Ghislaine alisema kwamba kama angeshinda kwa kuwafungia watu njia, basi hajashinda. Wachezaji walielezwa mabadiliko. Walisikiliza kwa mashaka. Wengi wao, kwa usalama, walipitia nyumba ya wageni.

Mama Pelchat hakupitia popote. Alifungua kabati, akamtoa Normand, akamwangalia kwa muda, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni:

"Haya, mzee. Toka nje kidogo, umekaa mno."

Alipanda mlimani, akalipiga joka shingoni. Upanga ulistahimili, ukapata pengo, ukastahimili tena. Nilimwona Ghislaine akishika ukingo wa meza. Joka likageuza kichwa, upanga ukakutana na pembe, ukakatika katikati. Chumba kizima kiliacha kubofya.

Vipande viling'aa juu ya theluji. Mama Pelchat aliinama, au kibeti wake aliinama, akaviokota kimoja kimoja. Kisha akageuka, akaanza kushuka mlima.

"Mama Pelchat, unatuacha?" aliuliza Etienne, ambaye mhusika wake alikuwa akiwaka moto.

"Ninyi endeleeni kuungua. Mimi naenda kujifungua."

Kwenye karakana alivukuta bila pupa wala uzembe. Hakuunguza chuma hata mara moja. Upanga mpya ulipotoka majini ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza na mpana zaidi, na juu yake kulikuwa na maandishi: Mwana wa Normand. Mama Pelchat aliusoma, akatoa kitambaa mkobani, akapangusa miwani yake, akapangusa na kioo cha kompyuta ambacho hakikuwa na vumbi.

"Mnene kama mama yake," alisema.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Miguu ya viti ilitupwa bondeni. Watu walikimbilia makabatini, wakapanda mlimani na silaha zao nzuri kabisa, wakazipiga juu ya joka kwa bidii ya kuzivunja, wakarudi mbio na vipande. Etienne alipoteza shoka na akampigia mama yake simu kumpa habari za mjukuu. Msichana mmoja mwenye mkuki alimwomba wachanganye vyuma vyao, akakubali, na mara wakaanza kugombana juu ya ukoo wa nani utatajwa kwanza. Ilibidi Mama Pelchat aingilie kati kama mkwe. Wengine, kwa kukosa subira, hawakufika hata kwa joka: walivunja panga zao kwenye jiwe lolote la karibu.

Joka lilibaki peke yake mlimani. Lilinguruma kama lilivyofundishwa, likageuza kichwa kushoto, likageuza kulia, na kwa kuwa hakukuwa na mtu, lilirudi pangoni likalala.

Réal alimwendea Ghislaine na kumtazama usoni. Alimwambia kwamba karakana inabaki, na kwamba hajawahi kuona watu wakitamani kitu chao kivunjike kwa furaha namna ile. Ghislaine alikaa chini bila kutafuta kiti, na bahati ilikuwa upande wake, kiti kilikuwepo.

Kisha Réal akageuka kuelekea dirishani, akaanza kusema kwamba si kila kitu kingeingia, na kwamba hivi sasa lilikuwa ni suala la joka. Fabrice hakungoja amalize. Alichukua koti lake akaondoka.

Jumatatu asubuhi alikuja kwenye meza ya Ghislaine na mikate miwili ya mviringo, bado ya moto, yenye ufuta. Aliiweka mezani. Alisimama hapo. Hakuna aliyewahi kumwona Fabrice akitafuta maneno, kwa hiyo kila mmoja wetu alipata kitu cha kufanya karibu nao.

"Nimefikiri," alisema mwishowe. "Wale wanaovunja silaha wanazifulia tanurini kwako. Moto wa kawaida."

"Ndiyo."

"Moto wa kawaida unaweza kweli kuunganisha chuma cha zamani na kipya? Mimi sio fundi, nauliza tu."

Ghislaine alianza kutabasamu, akajizuia. "Unataka kuniambia nini, Fabrice?"

"Nasema labda ungehitajika moto mkali zaidi. Wa pumzi, kwa mfano."

"Pumzi ya nani?"

Fabrice alitazama dari. "Dada, usinifanyie hivyo."

"Unataka joka lako liwe jiko langu."

"Tanuri," alisema Fabrice. "Tanuri la heshima. Lenye magamba."

Ghislaine alikata mkate, akautafuna taratibu, akamwacha asimame. Alipomeza alimwambia avute kiti, wakae waangalie lile pango lina nafasi ya fuawe ngapi.

Mwezi uliofuata, wachezaji wa majaribio walipanda mlimani tena, kila mmoja na vipande vyake, wakapanga foleni kuanzia mdomo wa pango hadi kwenye misonobari. Joka lilitoka, likatandaza mabawa, likatoa ule mngurumo ambao Fabrice alikuwa ameusikiliza na kuurekebisha kwa miaka minne. Foleni haikusogea hata hatua moja. Mama Pelchat, aliyekuwa wa kwanza kama kawaida, aliinua kipande chake mbele ya mataya yaliyofunguka, akangoja, kisha akageuza kichwa kuelekea chumbani.

"Nani anaendesha hili joka?" aliuliza.

Fabrice akanyoosha mkono.

"Linapulizia kulia mno, mwanangu. Hebu lisogeze."

Fabrice alivuta kibodi yake karibu, akalisogeza.